Maonyesho ya Miaka 30 ya Anime: Namna ya Kwenda, Kuingia na Kurudi na Karatasi Salama

Novemba 2022 nilisimama mbele ya karatasi moja kule Roppongi, Tokyo, hadi mlinzi akaanza kunitupia jicho. Ilikuwa ni mchoro wa penseli wa Sailor Moon, msichana shujaa wa anime, yaani katuni za Kijapani. Huyu msichana nilimjua tangu nikiwa sekondari Dar, kupitia flashi iliyozunguka mikono ya darasa zima mpaka picha zikawa zinakwama. Kwenye skrini nywele zake ni mfululizo mmoja wa njano. Kwenye karatasi nikaona mstari ulifutwa, ukachorwa, ukafutwa tena, na pembeni kuna tarakimu na mistari ya rangi nyekundu na buluu ambayo hakuna mtazamaji aliyekusudiwa kuiona.

Karatasi hizo ndizo sababu ya kwenda. Vikombe na beji vinapatikana mtandaoni, na anime yenyewe unayo kwenye simu. Mwongozo huu umepangwa kuzifuata karatasi, na mengine yote, kuanzia tiketi, viza, treni hadi duka, yamewekwa ili yasikupotezee muda wa kusimama mbele yake. Maonyesho niliyoyaona yaliitwa Sailor Moon Museum, yalianza Julai 1 na kumalizika Desemba 30, 2022. Yamekwisha, lakini maonyesho ya kumbukumbu ya anime kongwe huendeshwa kwa mtindo unaofanana sana, kwa hiyo nitatumia hayo kama mfano.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya miaka

Maonyesho haya hufuata umri wa kazi yenyewe: miaka 20, 25, 30, 40, 50. Kwa hiyo unaweza kukaa tayari kabla hata hayajatangazwa. Gundam ilianza kurushwa Aprili 7, 1979. Dragon Ball, Februari 26, 1986. Sailor Moon, Machi 7, 1992. Evangelion, Oktoba 4, 1995. Pokémon, Aprili 1, 1997. One Piece, Oktoba 20, 1999. Naruto, Oktoba 3, 2002. Ukichukua kalamu utaona kwamba mwaka 2027 peke yake unabeba miaka 30 ya Pokémon, 35 ya Sailor Moon na 25 ya Naruto. Sisemi kuna tangazo. Nasema huo ni mwaka wa kukaa macho.

Angalia pia kwamba kazi nyingi zina siku mbili za kuzaliwa. Manga ya Sailor Moon, yaani hadithi ya michoro ya kusoma, ya mchoraji Takeuchi Naoko, ilianza katika jarida la Nakayoshi mwishoni mwa Desemba 1991, na anime ikafuata baada ya miezi michache tu, hivyo hapo hakuna tofauti kubwa. Lakini One Piece ilianza kama manga mwaka 1997 na kama anime mwaka 1999. Waandaaji wanaweza kusherehekea ya kwanza, ya pili, au zote mbili, na yaliyomo hayawi yale yale: sherehe ya manga itakupa kurasa za mchoraji, ya anime itakupa michoro ya studio.

Tangazo hutoka kwanza kwa Kijapani, kwenye tovuti rasmi ya kazi husika na kwenye akaunti yake ya X. Tafuta jina la anime kwa Kijapani pamoja na herufi 展, inayosomwa "ten", yaani maonyesho. Herufi hiyo moja itakuokoa na saa nyingi za kupekua kurasa za mashabiki zinazonukuu habari ya mwaka juzi.

Hatua ya pili: chagua wiki, usichague tu mwezi

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Karatasi ya zamani, wino na rangi za kuchorea huchakaa kwa mwanga. Ndiyo maana kumbi hizi huwa na giza giza, na ndiyo maana michoro haikai ukutani tangu mwanzo hadi mwisho: hutolewa, ikapumzishwa, ikawekwa mingine. Sailor Moon Museum iligawanywa katika vipindi vitatu, na kazi zilizotundikwa zilibadilishwa kati ya kimoja na kingine. Mtu aliyekwenda Julai na mimi niliyekwenda Novemba tulilipa kiingilio cha mlango ule ule, hatukuona ukuta ule ule.

Kwa hiyo kabla ya kupanga lolote, tafuta kwenye tovuti yao ratiba ya kubadilisha kazi. Kama kuna sehemu ya hadithi unayoipenda kuliko zote, fuata kipindi chake. Kati ya kipindi na kipindi ukumbi hufungwa kwa siku kadhaa ili kazi zibadilishwe. Usije ukatua Narita, uwanja wa ndege wa Tokyo, siku hizo. Angalia pia siku ya mapumziko ya wiki, kwani kumbi nyingi hufunga Jumatatu au Jumanne.

Kama tarehe za Tokyo hazikufai, usikate tamaa mapema. Maonyesho mengi makubwa husafiri: baada ya Tokyo yanaweza kwenda Osaka, Nagoya, Fukuoka. Binafsi ningependa zaidi kwenda Fukuoka siku ya kazi kuliko Tokyo siku ya Jumamosi. Foleni ni fupi na hakuna anayekusukuma kwa mkoba.

Hatua ya tatu: tiketi

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, viza ikiwemo.

Tiketi ya maonyesho makubwa huwa na tarehe na saa. Unanunua, tuseme, Alhamisi ya kuingia kati ya saa nane na saa nane na nusu mchana, na ukifika saa kumi unaweza kugeuzwa mlangoni kwa heshima zote. Bei mara nyingi ni kati ya yen 1,500 na 3,000 kwa mtu mzima. Kuna tiketi ya kawaida na kuna ya bei kubwa inayokuja na zawadi ndani yake. Hiyo ya pili huisha mapema. Siku za mwanzo, za mwisho na wikendi mara nyingi huuzwa kwa droo: unajiandikisha, unasubiri, unaambiwa umepata au umekosa. Siku zinazobaki huuzwa kwa anayewahi.

Droo ni nzuri kwetu tulio mbali, kwa sababu haihitaji kasi ya mtandao. Mauzo ya anayewahi yanahitaji hesabu ya saa. Yakifunguliwa saa nne asubuhi Japani, Dar na Nairobi ni saa kumi alfajiri, Kigali na Lubumbashi ni saa tisa usiku, na Muscat ni saa kumi na moja alfajiri. Weka kengele. Kisha kuna kituko kimoja cha Wajapani: matangazo yao wakati mwingine huandika saa 25:00 au 26:30. Hawajakosea. Saa 25:00 ya Ijumaa ni saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa hiyo droo inayofungwa wakati huo inafungwa Dar Ijumaa saa moja jioni. Sisi tunaohesabu saa kuanzia jua linapochomoza hatuna haki ya kuwacheka.

Vikwazo vyenyewe ni viwili. Kwanza, mifumo mingi ya tiketi huomba namba ya simu ya Japani ili ikutumie nambari ya uhakiki. Pili, huomba jina kwa katakana, herufi zinazotumika kwa maneno ya kigeni. Jaribio langu la kwanza lilinifia hapo: niliandika jina langu kwa namna moja kwenye fomu ya usajili na kwa namna nyingine kwenye fomu ya malipo, mfumo ukaniona watu wawili, muda wa kulipa ukapita. Andika jina lako kwa katakana mara moja, lihifadhi kwenye simu, ulinakili hivyo hivyo kila mahali.

Njia za kupita ni hizi. Angalia kama maonyesho yana ukurasa wa kuuza tiketi kwa walio nje ya Japani. Siku hizi ni kawaida zaidi kuliko zamani, na humo kadi ya benki ya kimataifa na barua pepe vinatosha. Kama haupo, mwombe mtu anayeishi Japani akununulie. Wanafunzi wa Kiafrika wapo katika vyuo vingi vya huko, wengine kwa ufadhili wa serikali ya Japani, wengine kupitia ABE Initiative, mpango wa masomo wa JICA, shirika la ushirikiano la Japani, na jumuiya za Watanzania na Wakenya zinafikika. Mtumie fedha kabla, na umwandikie tarehe mbili mbadala. Njia ya tatu ni kununua ukishafika: maduka ya Lawson yana mashine iitwayo Loppi ambayo huuza tiketi za kila aina, unabonyeza, inatoa karatasi, unaipeleka kaunta kulipa. Maandishi ya mashine ni Kijapani, lakini msaidizi wa duka ukimwonyesha jina la maonyesho kwenye simu atakusaidia.

Usinunue kwa mlanguzi. Japani ina sheria ya mwaka 2019 dhidi ya kulangua tiketi za matukio, na tiketi yenye jina la mtu mwingine inaweza kukuacha nje.

Hatua ya nne: viza na safari, kwa ufupi

Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anahitaji viza kabla ya kusafiri, na huombwa kupitia ubalozi wa Japani, Dar es Salaam au Nairobi. Watataka ratiba ya safari ya siku kwa siku na ushahidi wa fedha. Ratiba yenye mstari unaosema "Alhamisi: maonyesho, Roppongi" ni ratiba safi kabisa, hakuna aibu kusema unakwenda kuangalia katuni. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu, utabadilisha Doha, Dubai au Addis Ababa. Tenga siku mbili kamili kati ya kutua na tarehe ya tiketi, kwa ajili ya ndege iliyochelewa na usingizi ulioruka saa sita.

Hatua ya tano: wiki moja kabla

Tazama upya vipindi vitano au sita vya anime hiyo, lakini safari hii vitazame kwa kuvisimamisha. Chagua tukio moja, kwa mfano mageuzi ya Usagi kuwa Sailor Moon, ulipitishe picha kwa picha. Utakapokutana na karatasi ya tukio hilo, utalitambua hata bila kusoma maelezo.

Na maelezo mengi hutayasoma, kwa sababu yameandikwa kwa Kijapani. Wengi hufikiri watatumia kamera ya simu kutafsiri. Fikiri tena: katika chumba kisichoruhusu picha, kuinua simu kuelekea ukutani ni sawa na kupiga picha, na mlinzi atakufuata hata kama unatafsiri tu. Kwa hiyo soma kabla. Idhaa ya Kiswahili ya NHK World ina masomo ya Kijapani cha kuanzia, ya bure, na wiki moja inatosha kujifunza kuomba radhi, kushukuru na kuuliza choo kiko wapi. Jifunze pia kutambua kwa macho maneno mawili: 撮影禁止, usipige picha, na 撮影OK, piga.

Majina ya wahusika nayo yana utamu ukiyaelewa. Tsukino Usagi, jina halisi la Sailor Moon, linasikika kama "sungura wa mwezini". Wajapani wakiutazama mwezi mpevu humwona sungura akitwanga mchele wa kutengenezea vitumbua vyao vya mochi. Sungura wetu ni mjanja wa ngano na hana subira ya kutwanga, lakini ukishajua hili utaelewa kwa nini nywele za msichana yule zimefungwa vifundo viwili juu na kuning'inia kama masikio. Watatu kati ya wasichana wenzake wameitwa kwa sayari zao: Mizuno (Sailor Mercury) ana maji, Hino (Sailor Mars) ana moto, Kino (Sailor Jupiter) ana mti, kama zilivyo herufi za Kijapani za sayari hizo na za siku za wiki.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Kula kwanza. Ndani hakuna chakula, na ukitoka huruhusiwi kurudi.

Beba tiketi ikiwa tayari imefunguliwa kwenye simu, maana mtandao hukwama pale pale mlangoni, pasipoti, sarafu za yen 100, penseli, kwa sababu kalamu za wino zinakatazwa karibu na kazi, na jalada gumu la plastiki la ukubwa wa A4, linalouzwa yen 110 katika maduka ya bei moja. Hilo jalada utaona kazi yake baadaye. Mkoba mkubwa uache kwenye kabati la sarafu. Kama unataka kuvaa mavazi ya mhusika, soma masharti kwanza, kwani kumbi nyingi hazipendi.

Kituo cha Roppongi kinafikiwa na njia mbili za treni za chini, Hibiya na Oedo. Jukwaa la Oedo liko takriban mita 42 chini ya ardhi, ngazi ya umeme juu ya ngazi ya umeme, na ukishatokeza juu bado una dakika za kutembea. Fika kituoni nusu saa kabla ya muda wako. Usifike saa mbili kabla. Hawatakuruhusu kujipanga mapema, na utasimama tu njiani.

Mlangoni utaulizwa kama unataka kukodi maelezo ya sauti, mara nyingi yaliyorekodiwa na waigizaji wa sauti wa anime. Ni kwa Kijapani. Hata hivyo kama sauti ya mhusika ndiyo iliyokulea, lipa tu. Wapo watu waliotoka na machozi bila kuelewa nusu ya maneno.

Hatua ya saba: namna ya kutazama

Chumba cha kwanza hujaa kuliko vyote kwa sababu kila aliyeingia husimama kwenye kitu cha kwanza anachokiona. Kipite kwa utulivu. Katika kumbi nyingi unaweza kurudi nyuma ilimradi hujavuka mlango wa kutokea, na baada ya dakika kumi na tano kundi lililoingia nawe litakuwa limesogea mbele.

Sasa karatasi. Utakutana na aina tatu, na kila moja ina namna yake ya kutazamwa.

Ya kwanza ni genga. Huu ni mchoro wa penseli wa mchoraji mkuu wa tukio, unaobeba sura na mkao wa muhimu. Wachoraji wengine hujaza michoro ya katikati ili mwendo ukamilike. Mistari ya rangi inaonyesha mpaka wa kivuli na mwanga. Pembeni utaona mstari mdogo wenye vidoti na namba: hiyo ni ratiba ya mwendo, inayosema michoro ya katikati ikae wapi, karibu na mwanzo au karibu na mwisho. Vidoti vikisongamana, mwendo ni wa taratibu. Vikiachana, ni wa kasi. Ukishajua kusoma mstari huo, unaweza kulichezesha tukio zima kichwani. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde, lakini anime ya televisheni mara nyingi hutumia mchoro mmoja kwa picha tatu, yaani michoro 8 tu kwa sekunde. Ufundi uko katika kuchagua ni ipi minane.

Mara nyingine juu ya genga kuna karatasi nyingine nyembamba ya rangi, yenye uso ule ule umechorwa upya. Hayo ni masahihisho ya msimamizi wa michoro, ambaye kazi yake ni kuhakikisha uso haubadiliki kutoka mkono wa mchoraji mmoja hadi mwingine. Sailor Moon ya mwanzo ilikuwa na vipindi 200, hadi Februari 1997, na wasimamizi wengi. Shabiki mzoefu akiona macho tu anakuambia nani alisimamia. Mimi sijafika huko, lakini nilipoziona karatasi mbili kwa pamoja, ya kwanza na ya kusahihisha, nilielewa ghafla kwa nini katika baadhi ya vipindi Usagi anaonekana kama binamu yake.

Ya pili ni seli: plastiki angavu yenye mistari upande wa mbele na rangi iliyopakwa upande wa nyuma. Usiitazame kwa mbele tu. Sogea pembeni, uinamishe kichwa, utaona seli ikitupa kivuli chembamba juu ya mandhari iliyochorwa kwa rangi za maji chini yake, na utaona rangi ilivyo nzito kama ya ukuta. Kivuli hicho ni kitu ambacho hakuna skrini itakayokuonyesha. Studio nyingi ziliacha seli na kuingia kwenye kompyuta kuelekea mwaka 2000, kwa hiyo kila seli unayoiona ni ya ufundi uliokwisha. Zenyewe nazo zinazeeka: plastiki ya aina hii ikianza kuoza hujikunja na kutoa harufu ya siki.

Ya tatu ni ukurasa wa manga. Hapa tafuta makosa: rangi nyeupe iliyofunika mstari, vipande vya karatasi ya vivuli vilivyokatwa kwa wembe na kubandikwa kwa mkono, kingo zake zikiwa zimegeuka njano. Maneno ya wahusika mara nyingi ni karatasi ndogo zilizochapwa na kugundishwa ndani ya puto, na gundi ikizeeka huacha doa.

Nilikwenda na dada mmoja wa bweni letu, Mmombasa, aliyenizidi miaka mitano. Nilikuwa nikimvuta mkono twende dukani kabla bidhaa hazijaisha. Akaniambia, "Mdogo wangu, hiyo beji itakuja na posta. Hii karatasi haiji." Tukakaa saa mbili na nusu. Tenga muda kama huo.

Hatua ya nane: duka

Duka liko mwishoni na huwezi kulikwepa. Wakati mwingine lina foleni ndefu kuliko mlango wa kuingilia. Kabla ya kushika chochote, soma tangazo la idadi: kila mtu huruhusiwa vipande vichache tu vya bidhaa moja, na kaunta watakuhesabia.

Nunua kwanza kitabu cha maonyesho, kinachoitwa zuroku. Ni kizito, huwa yen elfu mbili hadi nne, na ndicho pekee kitakachokurudishia michoro uliyokatazwa kuipiga picha. Kisha nakala za michoro, zile za karatasi nene. Hapo ndipo jalada la A4 linapotoka kwenye mkoba.

Halafu kuna bidhaa za pakiti fungwa: beji, vibanio, vinyago vidogo ambavyo hujui umepata nani mpaka uchane. Hapa nina kinyongo changu. Nilinunua beji tano nikimtaka Sailor Jupiter, nikapata tatu za yule paka mweupe. Mpango mzima umetengenezwa ili ununue ya sita. Jiwekee kikomo kabla ya kuingia. Kama umepata usiyemtaka, wapo mashabiki nje, mbali kidogo na mlango, wanaobadilishana. Onyesha beji yako na useme "kōkan onegai shimasu", naomba tubadilishane. Pale palipoandikwa kwamba kubadilishana kumekatazwa, nendeni mkafanyie kituoni. Paka wangu mmoja alipata makazi mapya kwa njia hiyo.

Mfuko wa plastiki hulipiwa, kama ilivyo kote Japani tangu Julai 2020. Kadi ya benki hupokelewa mara nyingi, lakini uwe na fedha taslimu; mashine za benki zilizo ndani ya maduka ya 7-Eleven hukubali kadi za kigeni.

Hatua ya tisa: tembea mtaani

Kama anime yako ina mtaa halisi, nenda siku hiyo hiyo ukiwa bado una picha kichwani. Kwa Sailor Moon ni rahisi ajabu. Kutoka Roppongi unashuka mteremko wa Toriizaka, na baada ya kama robo saa uko Azabu-Juban, mtaa anaoishi Usagi. Kituo cha treni chenye jina hilo kilifunguliwa mwaka 2000. Anime ilipoanza mwaka 1992 hakikuwepo, kwa hiyo unapoona wasichana wale wakitembea kwa miguu kila mahali, walikuwa hawana jinsi.

Panda hadi hekalu la Azabu Hikawa, huko Moto-Azabu, ambalo mashabiki hulihusisha na hekalu la Rei, yaani Sailor Mars. Ni mahali pa ibada panapotumika hadi leo. Zungumza kwa sauti ya chini na usimpige picha anayesali. Ukiangalia mashariki, kati ya majengo, utauona mnara wa Tokyo, mita 333, uliofunguliwa mwaka 1958. Karibu na mnara huo, Shiba, ndipo kilipokuwa chuo cha famasia alichosomea Takeuchi kabla ya kuwa mchoraji kamili; tangu 2008 ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Keio. Mtaa wa hadithi ni mtaa wake wa ujana.

Kabla ya kuondoka Azabu-Juban nunua taiyaki kwenye duka la Naniwaya, lililopo tangu 1909. Ni keki yenye umbo la samaki, ndani imejaa maharage yaliyopondwa na sukari. Ukiwa umezoea maharage ya chumvi, tonge la kwanza litakushtua. La pili utalimaliza.

Kama umebakiwa na siku nyingine, nenda Oizumi, wilaya ya Nerima, kwenye makumbusho ya Toei Animation, studio iliyotengeneza anime hii. Yalifunguliwa mwaka 2018 na hayana kiingilio.

Hatua ya kumi: nyumbani

Karatasi zisafiri na wewe ndani ya ndege, kwenye jalada lake, katikati ya zuroku ili zisipinde. Mizigo ya chini hurushwarushwa.

Ukifika Dar, Mombasa au Unguja, adui ni unyevu, jua na mende. Usizipeleke stesheneri kulaminisha. Najua kila mtu atakushauri hivyo, na kijana wa pale atakuwa ameshawasha mashine kabla hujamaliza kumsalimia. Joto lile huigandisha plastiki kwenye rangi na hutaitenganisha tena. Usitumie selotepu pia. Tafuta fremu yenye kioo, weka karatasi nyeupe safi nyuma ya mchoro, uitundike kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua la jioni wala usiopakana na bafu. Ya kwangu iko koridoni, mkabala na kabati la vyombo. Kila baada ya masika huifungua fremu, nikaiacha ipumue mchana mmoja, nikaifunga.